Mafahali Wawili, Sebule Moja

Nyumba ya Gwenfron imejengwa kwa mawe ya sleti,
ukuta una unene wa mkono, kidoleni hadi kiwikoni,
na mvua ya Blaenau Ffestiniog haiupenyi.
Wala waifai.

Kisanduku cha kampuni kinakaa sebuleni, dirishani,
cheupe, kimenyooka kama mgeni wa msibani,
na sauti yake inafia ngazi ya tatu.
Mimi niko darini, blanketi magotini,
nyuso za wateja zinaganda midomo wazi,
sentensi zangu zinawafikia vipandevipande.

Basi nikanunua ruta, ya mkono wa pili,
nyeusi, ina pembe nne,
kama kaa aliyepinduliwa chali.
Gwenfron akaitazama juu ya miwani.
"Na hiki cha zamani kina kosa gani?
Kijana wa kampuni alikifunga mwenyewe.
Akanywa chai. Akala keki mbili."

Sikujibu. Tangu nihamie hapa na Gethin
nimejifunza pa kusema na pa kumeza.
Gethin yuko baharini, anakaza nati za mitambo ya upepo,
wiki tatu huko, moja huku,
nasi tumebaki wanawake wawili na jiko moja.

Kukiondoa hakuwezekani.
Simu ya mezani imechomekwa mgongoni mwake,
na dada yake wa Bala hupiga kila Jumapili saa kumi.
Nikavuta waya wa njano:
kichwa kimoja tundu la nne la kisanduku,
cha pili tundu la buluu la ruta.
Taa ikapepesa. Rangi ya chungwa.
Ikabaki chungwa mpaka chai ikapoa.

Nikakaa sakafuni, nikaelewa polepole:
wote wawili wanagawa namba.
Wote wawili wanajiita
moja-tisa-mbili, moja-sita-nane, moja, moja,
wamesimama mlangoni na funguo zilezile:
"Karibu, mwenye nyumba ni mimi."
Kompyuta imeduwaa katikati
kama mtoto aliyetumwa na mama wawili
maduka mawili, kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema yao kuhusu mafahali na zizi.
Hawakusema tufanyeje zizi likiwa na mkataba
wa miezi kumi na minane,
na fahali mmoja ni mali ya kampuni.

Sikuchinja yeyote.
Nikakipindua kisanduku, nywila imeandikwa tumboni
kwa herufi ndogo kama sisimizi,
nikaingia ndani mwake, nikakiambia:
pokea wewe kinachotoka barabarani,
shika simu, mlango wa nje ni wako.
Ila huku ndani nakuzima sauti.
Na wewe, mwenye pembe, acha kujiita moja.
Hamia namba hamsini.
Waliomo chumbani na darini, wagawie wewe.

Nikazima vyote. Nikahesabu hadi sitini.
Nikawasha cha nje kwanza, kisha cha ndani.

Buluu.

"Sasa mkubwa ni yupi?"
Kumbe alikuwa nyuma yangu muda wote,
kikombe mkononi.
Nikalitazama birika lake, lisiloguswa na mwingine,
na tanuri aliyoniachia mwezi wa tatu
bila kusema kwamba ameniachia.
"Inategemea," nikasema,
"kama unatoka au unaingia."
Akaguna. Guno la Gwenfron halina kamusi.

Jumanne, katikati ya mkutano,
nyuso zikaganda tena.
Nikashuka ngazi mbilimbili, maneno yamejaa kinywani.
Nikamkuta na kitambaa cha vumbi,
waya wa njano unaning'inia vidoleni.
Hakunipa nafasi.
"Tundu la nne," akasema, akiusukuma, "si ndivyo?"
Ukalia *tik*.

Kisha akageukia ruta,
akaanza kuifuta pembe,
moja
baada ya nyingine.